Mtu wa Besi Akisimama Mbele

Kwa simu yangu kuna video ya dakika sita ambayo nimeihamisha kutoka simu moja hadi nyingine mara tatu na sijawahi kuifuta. Inaonyesha mikono ya binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, iking'oa vyuma kutoka shingo ya gitaa lake la besi kwa kisu cha kupakia Blue Band. Ni saa tisa usiku. Sauti unayoisikia nyuma ya simu, ikicheka na kusema "Bro, wewe si mtu wa kawaida," ni yangu.

Vyuma hivyo vyembamba vinaitwa freti. Kazi yao ni kukusaidia. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti, nota inatoka pale inapofaa kutoka, hata kama kidole chenyewe hakina uhakika. Ukiving'oa unabaki na ubao mtupu kama wa fidla, na kidole kikikosea milimita mbili, kanisa lote litajua. Lakini kuna kitu unapata. Nota inaanza kuteleza, kulia, kutetemeka mwishoni kama sauti ya mtu anayetaka kusema kitu halafu anaamua kunyamaza. Binamu alikuwa ameitafuta hiyo sauti kwa miaka. Aliisikia kwa Jaco Pastorius, na mimi nikaisikia kwake.

Hiyo ilikuwa 2019. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, mambo ya karo na mambo mengine, na nikahamia kwake Umoja na begi moja na leptopu iliyokuwa inafanya kazi ikiwa tu imechomekwa kwa stima. Yeye alikuwa mtu wa besi wa kanisa, na Jumamosi alicheza harusi. Mimi niliandika makala za watu: mashine za kufulia, bima ya mbwa wa Marekani, insha za wanafunzi ambao walikuwa bado chuoni, tofauti na mimi. Jina langu halikuwa popote. Tulikuwa tunafanya kazi moja, ukifikiria vizuri.

"Shida yako wewe husikiza muziki juu juu," aliniambia wiki ya kwanza, akinipa iafoni moja, nyingine kwa sikio lake. "Shuka chini, kijana. Shuka hadi kwa tumbo."

Kila mtu Nairobi anajua besi kwa mwili. Unaijua kwa matatu, vioo vikitetemeka na meno pia. Lakini nani anajua jina la mtu aliyeicheza? Kwa bendi za rumba na za benga kuna gitaa la solo, gitaa la ridhimu na gitaa la besi. Mtu wa solo ndiye anayepigiwa makofi. Mtu wa besi husimama karibu na ngoma, uso hauna habari, na kazi yake ni kuhakikisha wengine hawaanguki. Kwa hivyo ukimwambia mtu aliyekulia kwa hizo nyimbo kwamba kuna jamaa alitoa albamu yake mwenyewe, jina lake mwenyewe, na chombo chake ni besi, ni kama kumwambia kuna konda aliyeamua matatu isimame ili abiria wamsikilize yeye.

Jaco alizaliwa 1951, Norristown, Pennsylvania, lakini alikulia Florida, karibu na Fort Lauderdale. Baba yake alikuwa mpiga ngoma na mwimbaji, na yeye pia alianza na ngoma. Akiwa kijana aliumia mkono akicheza futiboli ile yao ya Marekani, na baadaye mtu wa besi wa bendi yake alipoondoka, akachukua besi. Yaani hata yeye alifika pale kwa sababu nafasi ilikuwa wazi. Binamu alikuwa anapenda sana hiyo sehemu. Kanisani kwao walikuwa na vijana watatu wa gitaa na hakuna aliyetaka besi, ndio akapewa yeye, mdogo kuliko wote.

Kuna wakati Jaco alijinunulia besi ile kubwa ya kusimama, ya jazi, ya mbao. Hewa ya Florida ina unyevu wa bahari, na asubuhi moja akaikuta imepasuka. Akarudi kwa gitaa la umeme: Fender Jazz Bass ya 1962, isiyo na freti, mianya imejazwa, ubao umepakwa epoksi ngumu ya aina inayopakwa mashua ili nyuzi zisiutafune. Nimewahi kumweleza mtu hii hadithi kwa baa na akaniambia, "Kumbe ni fundi wa jua kali tu." Ndio. Alitaka sauti ya kile chombo kilichopasuka, na akaitengeneza kwa vifaa vya wavuvi.

Albamu ya kwanza, inayoitwa tu *Jaco Pastorius*, ilitoka 1976. Alikuwa na miaka 24. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka na bendi ya Wayne Cochran ya muziki wa soul, amefundisha besi Chuo Kikuu cha Miami, na Bobby Colomby, mpiga ngoma wa Blood, Sweat & Tears, alikuwa amemsikia akampeleka Epic. Nataka kukaa kidogo kwa hii albamu kwa sababu watu husimulia sana maisha ya Jaco na kusahau kuisikiza.

Wimbo wa kwanza ni "Donna Lee". Huo ni wimbo wa jazi wa 1947, uliorekodiwa na Charlie Parker, umejaa nota zinazokimbia kama zinatoroka kanjo, na uliandikwa kwa pumzi, kwa saksafoni na tarumbeta. Jaco anaucheza kwa besi. Nyuma yake kuna Don Alias kwa konga, basi. Hakuna piano ya kumshikilia, hakuna gitaa la kumfunika. Fikiria mtu wa besi, mara ya kwanza jina lake liko kwa jalada, na anafungua mlango akiwa na mpiga ngoma mmoja peke yake. Mara ya kwanza niliposikia nilidhani binamu ameweka faili vibaya, ikaanzia katikati.

Halafu kuna "Portrait of Tracy". Tracy alikuwa mkewe. Hapo ni besi tupu, mtu mmoja, na karibu wimbo wote umetoka kwa ujanja wa kugusa uzi bila kuubonyeza hadi chini. Ukigusa mahali sahihi unapata sauti nyembamba, safi, kama kengele ndogo. Watu walikuwa wanajua huo ujanja kwa gitaa, lakini Jaco aliufanya lugha kamili, akapanga hizo kengele juu ya nota nzito hadi besi moja inasikika kama watu watatu wametulia chumba kimoja. Na usiseme hujawahi kuusikia. SWV waliuchukua miaka ya tisini wakaujengea "Rain", na Chingy akaja 2006 akauchukua "Rain" akafanya "Pullin' Me Back". Kama umewahi kupanda matatu ya usiku yenye DJ mwenye roho ya mapenzi, umewahi kumsikia Jaco akimwelezea mke wake.

Lakini huo ndio wimbo pekee ambao amekaa peke yake. Zingine nyingi zimejaa watu. Sam & Dave wanaimba "Come On, Come Over", Herbie Hancock yuko kwa piano, kuna filimbi ya Hubert Laws, kuna nyuzi za okestra, kuna mapipa ya chuma ya Trinidad. Ilinichukua muda kuona hivyo. Nilikuwa natafuta mtu aliyejitenga na bendi ili aonekane, nikapata mtu ambaye akipewa pesa na uhuru jambo la kwanza anafanya ni kuita watu.

Mwaka huo huo alikuwa kila mahali. Alicheza kwa *Bright Size Life* ya Pat Metheny, kwa *Hejira* ya Joni Mitchell, na akaingia Weather Report. Inasimuliwa kwamba alikuwa amemwendea Joe Zawinul, mkubwa wa hiyo bendi, baada ya shoo Miami, akajitambulisha kuwa mchezaji besi bora duniani. Zawinul akamwambia apotee. Jaco hakupotea. Mwaka wa 1977 wakatoa *Heavy Weather*, na "Birdland" ikawa moja ya nyimbo chache za jazi ambazo watu wasiopenda jazi wanaweza kuzipigia mluzi.

Jukwaani na Weather Report alikuwa na dakika zake mwenyewe. Alipiga kipande kifupi, mashine ikakirudia, naye akapiga juu yake, akaweka na Jimi Hendrix ndani, sauti imechafuliwa kwa makusudi, akaruka kutoka juu ya spika. Hapo ndipo watu wa roki walimpata. Mpaka leo ukiuliza watu wa besi wa chuma kizito, wengi watakutajia mtu huyu wa jazi mwenye nywele ndefu na suruali za ufukweni.

Binamu alikuwa na hizo video zote kwa flashi. Alizitazama akiwa amekaa sakafuni, mgongo kwa kitanda, besi mapajani bila kuichomeka. Sauti kavu ya nyuzi, tik tik tik, ndiyo niliyolala nayo mwaka mzima.

Albamu ya pili ya studio ilikuja 1981, *Word of Mouth*, sasa chini ya Warner. Kama unatafuta Jaco wangu, yuko hapo. Unaweza kuona jinsi kampuni ilivyokuwa na hamu: hapa kuna nyota wa bendi iliyouza, atupe kitu cha kuuza. Akawapa wimbo wa kwanza, "Crisis", ambao ni vurugu, saksafoni zinagombana juu ya besi inayokimbia kama mtu anayefukuzwa. Ukivumilia hapo, mlango unafunguka. "Three Views of a Secret" inaingia na harmonika ya Toots Thielemans, na nikikwambia nimewahi kukosa stop yangu Donholm kwa sababu ya huo wimbo sidanganyi. Besi hapo iko chini kabisa. Haijionyeshi hata mara moja. Mtu aliyejiita bora duniani ameandika wimbo wake mzuri kuliko yote, halafu akaupa mtu mwingine auimbe kwa harmonika.

Sijui kama Warner walijua la kufanya na hicho kitu. Mimi ningekuwa meneja, pengine ningelia pia. Kuna Bach hapo, kuna "Blackbird" ya Beatles, kuna "Liberty City", jina la mtaa wa watu weusi Miami, na wimbo wa mwisho una majina ya watoto wake wawili, John na Mary. Kutoka hapo akaunda bendi kubwa, tarumbeta na trombone na saksafoni, na mapipa ya chuma ya Othello Molineaux pembeni. Akaondoka Weather Report 1982 na kuipeleka bendi yake Japani.

Hapa ndipo hadithi hupendwa na watu. Japani alinyoa kichwa, akajipaka rangi usoni, akatupa gitaa lake baharini Hiroshima. Ukiandika jina lake leo, hiyo ndiyo sentensi ya tatu au ya nne utakayosoma. Binamu alikuwa anaisimulia akicheka, na mimi nilikuwa nacheka naye. Jinias, si unajua. Watu wa aina hiyo.

Mwisho wa mwaka huo huo Jaco aliambiwa ana ugonjwa wa baipola. Hiyo sehemu tulikuwa tunaijua. Tulikuwa tunaipita tu.

Mwaka wa 2020, kabla ya korona kufunga kila kitu, binamu alianza kuamka mapema. Halafu mapema zaidi. Halafu hakuwa analala. Aliongea haraka, vizuri, na nilipenda sana kumsikiliza. Alikuwa na wazo la albamu. Jina lake kwa jalada, nyimbo 12, na watu 14 wa tarumbeta na saksafoni ambao alikuwa ameshaanza kuwapigia, wengine wa bendi za shule aliosoma nao, wengine hakuwajua kabisa. Alichukua mikopo ya simu, mmoja kulipa mwingine. Aliniambia mimi ndiye nitaandika maneno ya ndani ya jalada.

Nikaandika. Kurasa nne. Nilizifanyia kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kulipwa, kwa sababu mara ya kwanza jina langu lingekuwa mahali. Nilimlinganisha na Jaco waziwazi. Niliandika kwamba usingizi ni wa watu wa ridhimu.

Usiku wa nne bila kulala alitoa kisu jikoni. Hapo ndipo nilichukua simu.

Jumapili iliyofuata alicheza kanisani na hiyo besi. Mianya alikuwa ameijaza, ubao ameupaka kitu alichonunua kwa hadiwea. Wakati wa sadaka alianza kupiga peke yake. Mwanzoni watu walipiga makofi, wengine wakasimama, mama mmoja akapiga vigelegele. Dakika ya tatu ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Dakika ya nane mchungaji alikuwa ameinua mkono. Ya kumi kijana wa mitambo alichomoa waya, na binamu akaendelea kupiga, tik tik tik, macho yamefungwa, mbele ya watu mia tatu walionyamaza.

Akapotea siku tatu. Alipatikana Athi River, kando ya barabara, anatembea kuelekea Mombasa kwa miguu. Alieleza vizuri kabisa kwamba ile epoksi ya hadiwea haikuwa sahihi. Jaco alitumia ya mashua, na mashua ziko Mombasa.

Hospitalini nesi aliuliza swali rahisi: "Ameacha kulala tangu lini?" Mama mkubwa hakujua. Mimi nilijua, nilikuwa na tarehe na saa. Nikatoa simu. Daktari aliitazama video yote, dakika sita, sauti yangu ikicheka ndani ya kile chumba. Hakusema kitu. Aliuliza tu kama anaweza kuirudisha nyuma asikie binamu alikuwa anaongea kwa kasi gani.

Baada ya hapo sikuweza kumsikiza Jaco kwa muda mrefu. Niliporudi nilianza na mwisho wake, sehemu ambayo tulikuwa tunairuka.

Kuna albamu ya mapipa ya chuma, *Holiday for Pans*, ambayo Warner waliikataa, na mkataba ukaisha. Kuna *Invitation* ya 1983, iliyotoka kwa zile shoo za Japani. Nendeni mkaisikize mkijua yaliyokuwa yakiendelea, halafu mniambie kama mtasikia gitaa likitupwa baharini. Mimi nasikia bendi kubwa imekaa sawa na mtu wa chini anayejua kila mmoja yuko wapi. Na ile albamu ya kwanza, ile ya "Donna Lee", ilifanywa na baba wa watoto wawili ambaye wakati huo hakuwa mlevi wala mtu wa dawa za kulevya. Hayo yalikuja baadaye. Sijui kwa nini tulikubali haraka hivyo kwamba ugonjwa ndio uliokuwa unapiga besi.

Halafu kuna video ya mafunzo ya 1985, *Modern Electric Bass*. Hiyo ndiyo inayonimaliza. Ameketi na Jerry Jemmott, mtu wa besi ambaye Jaco mwenyewe alijifunza kwake kwa kusikiza rekodi. Jemmott anaanza kwa kumwagia sifa: umebadilisha chombo hiki, kila mtu anakuiga, unajisikiaje? Jaco anajibu kwa utani kwamba afadhali apewe kazi. Wote wanacheka. Mimi ni mtu wa vibarua, hiyo sentensi naijua, na najua jinsi inavyosemwa ukicheka. Alikuwa na miaka 33.

Mwaka uliofuata alikuwa analala kwenye bustani New York, anacheza mpira wa kikapu viwanja vya mtaani. Besi yake, ile ya 1962, iliibwa huko bustanini. Alilazwa Bellevue, akatoka, akarudi Florida. Septemba 1987 alipanda jukwaani bila ruhusa kwenye shoo ya Santana, akatolewa. Usiku huo akaenda klabu moja Wilton Manors, akazuiwa mlangoni, na mlinzi akampiga hadi akazimia. Alikufa tarehe 21, siku kumi baadaye, na miaka 35. Mlinzi alikubali kosa la kuua bila kukusudia, akapewa miezi 22, akatumikia minne. Ile besi ilionekana tena 2006 kwa duka la New York, na Robert Trujillo wa Metallica akasaidia familia kuipata.

Fikiria watu wangapi walimtazama kati ya 1982 na 1987. Wengi walijaribu kusaidia, familia na marafiki, hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na kumbi nzima za watu waliolipa kuona kama leo Jaco atacheza au ataanguka. Mimi sikulipa chochote, nilikuwa na simu tu.

Na kuna jambo lingine nililojua baadaye sana, nikisoma usiku. Ile hadithi ya kisu. Jaco aliisimulia kwa namna mbili. Wakati mmoja alisema aling'oa freti mwenyewe kwa kisu cha siagi. Wakati mwingine alisema alipoinunua hiyo besi freti zilikuwa zimeshang'olewa, tena vibaya, na yeye akarekebisha tu. Inawezekana hakukuwa na kisu. Inawezekana kulikuwa na mtu makini, kijana wa Florida, anajaza mianya kidogo kidogo, anasubiri ikauke, anapaka, anasubiri tena.

Nilimwambia binamu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mimi nimeharibu besi ya elfu thelathini bure?" na tukacheka hadi mama mkubwa akaja kuangalia.

Sasa anaishi kwa mama mkubwa, Machakos. Anameza dawa asubuhi na jioni, na mikono inatetemeka kidogo, hasa wa kulia. Alikasirika nayo mwaka mzima. Kliniki wamebadilisha dozi mara mbili. Anacheza kanisa dogo la huko, na besi ile ile, kwa sababu kuweka freti upya ni bei. Amechora mistari kwa kalamu nyeupe ubavuni mwa shingo ili ajue nota ziko wapi. Anacheza nota mbili, tatu kwa kila mstari wa wimbo. Ukishuka chini, hadi kwa tumbo, ni nzuri. Kwaya haianguki.

Mwezi uliopita nilienda kumwona. Tulikuwa nje, jioni, kuku wanaingia, akaniuliza bila kuniangalia: "Ile video bado unayo?"

Nikafikiria kudanganya. Nikasema ninayo.

"Leta."

Tukaitazama pamoja, yeye ameshika simu mbali kidogo na uso. Hakusema kitu alipojiona. Hakusema kitu sauti yangu ilipocheka. Mwishoni kabisa, freti zote ziko sakafuni na anajaribu ubao mtupu kwa mara ya kwanza, anapiga zile nota za kwanza za "Portrait of Tracy", polepole. Nilikuwa nimesahau hiyo sehemu iko. Akairudisha nyuma. Akasikiza tena, kichwa kimeinama upande wa spika.

"Hiyo ya tatu," alisema, "iko chini kidogo."

Akaingia ndani kuleta besi anionyeshe.